Aliyetangulia: Dhidi ya "Mkuu" na "Chanzo" cha Uzima

Katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume, Petro anasimama kwenye Ukumbi wa Sulemani na kuwaambia watu wa Yerusalemu kwamba yule waliyemkataa mbele ya Pilato, wakaomba muuaji afunguliwe badala yake, Mungu amemfufua. Anamwita kwa jina la kushangaza. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inaliandika jina hilo "Mkuu wa uzima". Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, inasema "chanzo cha uzima". Wasomaji wengi wa Kiswahili wamezisoma tafsiri zote mbili, na wahubiri huhama kutoka moja hadi nyingine katika mahubiri yaleyale kana kwamba maneno hayo ni visawe. Si visawe. Mkuu hukaa juu ya watu. Chanzo hukaa nyuma yao. Neno la Kiyunani lililofasiriwa hivyo linamweka Yesu mahali pa tatu, napo ni mbele. Ufufuo wa aliye juu ni habari ya utawala. Ufufuo wa aliye nyuma ni habari ya asili. Ufufuo wa aliye mbele ni habari ya njia. Hotuba ya Petro ni habari ya njia, na Kiswahili kina neno lake. Neno hilo limeachwa matangani.

Suala hili huonekana wazi zaidi mbali na nyumbani. Xintang, mji ulio mashariki mwa Guangzhou katika wilaya ya Zengcheng, unajulikana duniani kwa suruali za jinzi. Guangzhou yenyewe imekuwa kwa miongo kadhaa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika, wakiwemo wale wanaojaza makontena yaendayo Mombasa na Dar es Salaam. Mkristo wa Afrika Mashariki aliyefika huko na Biblia mbili za Kiswahili katika simu yake, akaketi ibadani pamoja na Wachina, hukutana na jina la tatu. Tafsiri ya Kichina iliyoenea zaidi miongoni mwa Waprotestanti, iliyokamilika mwaka 1919 na ambayo nayo huitwa ya Muungano kama ile ya Kiswahili, inamwita *Shengming de Zhu*, yaani Bwana wa uhai. Nyumbani mtu angeweza kuyapitia maneno haya bila kuyatazama. Ugenini, ambako kila neno hupimwa kabla halijalipiwa, hana budi kuuliza kama Mkuu, Chanzo na Bwana ni mtu mmoja.

Jibu la haraka ni kwamba tafsiri ni mavazi tu na mwili ni uleule. Historia ya bandari hizi inalikanusha. Robert Morrison aliwasili Guangzhou mwaka 1807, akapata riziki yake kwa ukalimani katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki huku akiifasiri Biblia ya Kichina, iliyochapishwa yote mwaka 1823. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, wala hakuchelewa kuanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja. Biblia nzima iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1882. Wamombasa wakapata yao mwaka 1914, na Union ikaja kuziunganisha njia hizo mbili. Wote hao walifanya kazi mahali palipokuwa na forodha, mabalozi, masultani na makampuni. Msamiati wa ukubwa ulikuwa umewazunguka pande zote. Kumchagulia Yesu cheo katika mazingira hayo ni kufasiri kwa maana zote mbili za neno hilo: kuhamisha lugha na kutoa hukumu juu ya maana.

Neno lenyewe ni *archegos*. Limeundwa kwa mizizi miwili, wa kuanza au kutawala na wa kuongoza, na katika Agano Jipya linatokea mara nne tu: mara mbili katika Matendo, mara mbili katika Waraka kwa Waebrania. Wayunani walilitumia kwa waanzilishi wa miji na mashujaa wa koo. Ushahidi unaofaa zaidi, hata hivyo, umo katika Agano la Kale la Kiyunani, kitabu ambacho mwandishi wa Matendo alikijua vyema. Katika sura ya 13 ya Hesabu, wanaoitwa kwa neno hilo ni wale wanaume, mmoja kutoka kila kabila, waliotumwa na Musa kuipeleleza nchi ya Kanaani. Walikuwa vichwa vya makabila yao, naam. Lakini simulizi linawataja kwa sababu waliingia nchini kabla ya wengine, wakarudi na matunda mikononi. *Archegos* katika lugha hiyo ni mkubwa ambaye ukubwa wake unaonekana kwa miguu yake: amekanyaga kule ambako wenzake hawajakanyaga.

Wafasiri wa Union waliijua sehemu ya jambo hili. Walipolikuta neno hilohilo katika sura ya 12 ya Waebrania, hawakuandika "Mkuu". Walimwita Yesu mwenye kuanzisha imani. Kwa nini basi Petro, mvuvi wa Galilaya anayesema na umati uliokusanyika kwa mshangao, alazimishwe kutaja cheo? Jibu limo katika ukoo wa tafsiri. Luther aliandika neno la Kijerumani lenye maana ya mtawala mkubwa, na Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikafuata njia hiyo. "Mkuu" ni mjukuu wa jumba hilo la kifalme. Hakuzaliwa Yerusalemu.

Kwa Kiswahili cha leo mjukuu huyo amepata ajira serikalini. Kuna mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkuu wa kituo cha polisi, mkuu wa shule. Mkuu huteuliwa kutoka juu, huwekewa mlinzi mlangoni, na huonwa kwa miadi. Hotuba ya Petro ikisomwa kwa neno hilo inageuka kuwa hati ya mashtaka ya uhaini: watu wamemwasi mwenye mamlaka, mamlaka yamerudishwa kitini kwa ufufuo, na linalobaki ni kutii. Msikilizaji aliye kwenye benchi la nyuma haambiwi kitu kuhusu uzima. Anaambiwa nani mkubwa. Anayefaidika na somo hilo ni yule aliyeshika kipaza sauti, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa karibu zaidi na kiti cha Mkuu.

Mashtaka ya uhaini hayana faida ila yapate wahaini, na hapo usomaji huu umeacha damu katika historia. Katika karne ya pili Melito wa Sardi, katika hotuba yake juu ya Pasaka, aliligeuza shtaka la Petro kuwa shtaka dhidi ya Israeli yote. Mwishoni mwa karne ya nne Yohana Krisostomo alihubiri Antiokia dhidi ya Wayahudi kwa ukali ambao wafuasi wake bado wanauonea haya. Ilichukua hadi tarehe 28 Oktoba 1965 kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutamka, katika tamko la *Nostra Aetate*, kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubandikwa kwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala kwa Wayahudi wa leo. Petro mwenyewe hakuhitaji mtaguso. Ni Myahudi anayesema na Wayahudi, anawaita ndugu, anasema walitenda bila kujua, wao na wakubwa wao pia, anawakumbusha kwamba wao ni wana wa manabii na wa agano. Anayetaka kusoma uhaini katika hotuba hiyo hana budi kuziruka sentensi hizo zote.

"Chanzo" kililetwa, bila shaka, kama dawa ya maradhi hayo. Kimemshusha Yesu kutoka kitini, na kinapatana na Kilatini cha Vulgata, ambacho nacho kilichagua neno la mwanzishi. Lakini dawa hii ina sumu yake, nayo imo katika ngeli. Chanzo ni cha KI-VI, ngeli ya vitu. Shtaka la Petro linasimama juu ya kinzano moja: watu wamemuua yule anayetoa uhai. Kuua huhitaji mtu. Chanzo hakiuawi; hukauka, huzibwa, hutafutiwa kingine. Ndiyo maana Habari Njema ililazimika kujenga daraja la maneno, "yule ambaye ni", ili kumvusha Yesu kutoka ngeli ya vitu hadi ngeli ya watu. Daraja hilo ni alama ya mahali ambapo tafsiri iliona shimo.

Kiswahili kina chanzo cha mto, chanzo cha mapato, chanzo cha habari. Vyote hutumiwa na kumilikiwa, na baadhi huchafuliwa. Mwaka 2010 shirika la Greenpeace lilichapisha matokeo ya vipimo vyake kutoka Xintang na kueleza kwamba lilikuta metali nzito katika sampuli zilizochukuliwa kando ya viwanda vinavyotia rangi na kufua jinzi. Asomaye "chanzo cha uzima" mjini humo ana haki ya kukumbuka maji. Na akiyakumbuka atatambua kwamba chanzo kinaweza kufa pasipo mtu yeyote kuitwa muuaji, maana kila mmoja alichota kidogo na kila mmoja alimwaga kidogo. Kwa neno hilo hotuba inapoteza mshtakiwa na marehemu kwa pamoja.

Inapoteza pia kinga yake dhidi ya wachuuzi. Kitu kinachoitwa chanzo huomba bomba, na bomba huomba mita. Biashara ya mafuta ya upako na chupa za maji yenye baraka, ambayo imewafuata Waafrika Mashariki hadi ughaibuni, imejengwa juu ya wazo hilo la Yesu kama kisima chenye wakala. Ni kinyume cha tukio lililoizaa hotuba. Petro alikwisha kusema kwamba hana fedha wala dhahabu, na watu walipomkodolea macho alikana kwamba nguvu zilikuwa zake.

Tukio lenyewe lastahili kutazamwa, kwa kuwa hotuba ni ufafanuzi wake tu. Petro na Yohana wanapanda hekaluni saa tisa, saa ambayo Mswahili haihitaji kuigeuza, kwa kuwa saa ya Biblia na saa ya Uswahilini huhesabiwa namna moja: ni alasiri. Kwenye mlango uitwao Mzuri amewekwa mtu aliye kiwete tangu tumboni mwa mamaye. Sura inayofuata inaongeza kwamba umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Anaomba sadaka. Petro anamshika mkono wa kuume, anamwinua, naye anaruka na kuingia ndani. Kitenzi cha Kiyunani cha kumwinua mtu huyo ndicho kitenzi kilekile ambacho Petro, aya chache baadaye, anakitumia kwa Mungu kumwinua Yesu kutoka kwa wafu. Kiswahili kimevitenganisha: kiwete ameinuliwa, Yesu amefufuliwa. Msomaji wa Kiswahili hapati nafasi ya kuona kwamba ufufuo ulikuwa tayari umetokea mlangoni kabla haujahubiriwa ukumbini.

Hasara hiyo Kiswahili kimeilipa kwa njia nyingine, nayo ni ya thamani kuliko mabishano yote ya vyeo. Katika aya ya 15 Yesu ni mkuu au chanzo cha *uzima*. Katika aya ya 16, kwa maneno ya Union, kiwete amepewa *uzima* mkamilifu. Kwa Kiyunani haya ni maneno mawili tofauti kabisa: la kwanza ni uhai, la pili ni ukamilifu wa mwili, neno ambalo halitokei tena popote katika Agano Jipya. Kichina nacho kinayatenga. Mtu yule amepona kabisa, lakini sauti ya *shengming* haisikiki katika kupona kwake. Kiswahili peke yake, kati ya lugha hizi tatu, kinampa Bwana na ombaomba neno moja. Wala si bahati nasibu. Mzizi -zima hubeba uhai, afya na utimilifu kwa pamoja: mtu mzima, siku nzima, embe zima, na salamu ya kila asubuhi inayomuuliza mtu kama yu mzima. Uzima ni uhai usiopungukiwa. Anayesema Kiswahili hawezi kuhubiri juu ya uzima wa mbinguni akaiacha miguu ya mtu mlangoni, isipokuwa ameamua kutosikiliza lugha yake.

Na miguu hiyo inaleta hoja ambayo "chanzo" hakiwezi kuibeba. Mtu yule hakurudishiwa kitu. Alizaliwa hivyo, hakuwahi kutembea hata siku moja. Uzima alioupata haukuwa nyuma yake. Siku hizi kitenzi kufufua kimechoshwa na majukwaa ya siasa: hufufuliwa mashirika ya ndege, hufufuliwa viwanda. Mnunuzi wa Kitanzania anayeagiza jinzi Xintang anatoka katika jiji lenye kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na amesikia ahadi za kufufua viwanda vya nguo muda mrefu. Kufufua kwa maana hiyo ni kurudisha kilichokuwapo. Ufufuo anaouhubiri Petro hauelekei huko. Ni kweli kwamba aya ya 21 inataja majira ambayo mengi ya matoleo ya kigeni huyaeleza kama urejesho wa vitu vyote. Lakini Union, kwa busara, iliandika kufanywa upya, na upya hutazama mbele.

Hapa ndipo linapodai nafasi yake neno lililoachwa matangani. Mswahili akifariki, watu hawasemi amekwisha. Wanasema ametangulia. Ametutangulia mbele ya haki. Waislamu na Wakristo wa pwani na bara husema hivyo kwa sauti moja, na wanaosema hawahitaji kufafanuliwa: aliyekufa yuko mbele, waliobaki wako njiani. Kumwita Yesu *Mtangulizi wa uzima* ni kulichukua neno hilo la msiba na kulipindua bila kulivunja. Wote waliotangulia walitangulia mautini. Huyu, akipita humohumo, ametangulia katika uzima, kama wapelelezi wa Hesabu walivyoingia nchi ambayo taifa lilikuwa bado halijaiona. Neno hilo ni la ngeli ya watu, kwa hiyo linaweza kuuawa na linaweza kufufuliwa. Linabeba kifo ndani yake, jambo ambalo "Mkuu" na "Chanzo" haviwezi. Na halimwachi msikilizaji akipiga magoti au akichota. Linamtaka aondoke alipo.

Pingamizi zipo, na tatu zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mtangulizi, kwa lugha ya ofisi, ni yule aliyeshika cheo kabla ya aliyepo sasa, mtu aliyekwisha kubadilishwa. Ni kweli, lakini hakuna sababu ya lugha ya makabidhiano ya ofisi kuishinda lugha ya makaburi, ambayo ni ya watu wengi zaidi. Na makaburini aliyetangulia habadilishwi, hufuatwa. Ya pili ni kwamba Waebrania, sura ya sita, ina neno jingine la Kiyunani ambalo maana yake ya wazi ni mtangulizi, hivyo maneno mawili yatavaa vazi moja. Hilo si dhambi mpya: wafasiri walewale walilipa *archegos* mavazi zaidi ya moja, na wakalipa neno moja, uzima, dhana mbili za Kiyunani, na kwa kufanya hivyo wakaifaidi hotuba. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mtangulizi hutembea kwanza, lakini si lazima awe ndiye aliyeifungua njia. Maana ya kuasisi inafifia. Gharama hiyo ni halisi. Hata hivyo inalipika katika mahubiri kwa sentensi moja, ilhali gharama ya kiti cha enzi imelipwa kwa karne nyingi na watu ambao hawakudaiwa.

Kuna wanaoona mabishano haya kuwa anasa ya wenye kamusi. Wanaoishi mlangoni hawana anasa hiyo. Mwezi Juni 2011 mchuuzi mjamzito, mhamiaji kutoka Sichuan, aliangushwa na walinzi mbele ya duka huko Xintang, na kwa siku kadhaa wafanyakazi wahamiaji waliandamana na kuchoma magari katika mji unaoivisha dunia. Mwezi Aprili 2020, wakati wa Covid-19, Waafrika wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, hadi mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakalalamika kwa maandishi. Aliyewekwa nje ya mlango, akisomewa kwamba uzima una Mkuu, ataelewa kwamba asubiri amri. Akisomewa kwamba una chanzo, ataelewa kwamba wengine wamekwisha kukizungushia ua. Petro alisema jambo jingine: kwamba yule aliyetolewa nje na kuuawa ndiye aliyeingia kwanza, na kwamba ushahidi ni mtu aliyekuwa mlangoni ambaye sasa yumo ndani.

Marekebisho ya Biblia za Kiswahili hayajaisha, na hayatakiwi kuisha. Wafasiri wajao wakiona vigumu kuliondoa neno ambalo vizazi vimelikariri, basi "Mtangulizi" apewe walau tanbihi chini ya aya ya 15. Mhubiri hana haja ya kusubiri tanbihi. Aisome aya ya 15 pamoja na ya 16 bila kuvuta pumzi kati yake, ili neno uzima lisikike mara mbili, kwanza kwa yule aliyetoka kaburini na mara ya pili kwa yule aliyenyanyuka kutoka sakafuni.